Vitu vya Kuchezea vya Watoto: Kinachopimwa Kabla ya Kufika Dukani

Vitu vya kuchezea watoto viagizwavyo kutoka nje hutakiwa kupimwa huko vinakotoka, kabla ya kupakiwa melini. Shehena isiyo na cheti cha kukidhi viwango huzuiliwa bandarini hadi tuikague.

Kipimo tunachotaka mnunuzi akielewe ndicho chepesi kuliko vyote. Ni kikopo chenye upana wa milimita 31.7, kinachokadiria koo la mtoto aliye chini ya miaka 3. Kipande kinachozama chote humo bila kubanwa kinaweza kumkaba. Maabara haiishii kupima kitu kikiwa kizima: hukiangusha, hukivuta na kukipinda, kisha kilichong'oka, liwe jicho la mwanasesere au gurudumu la gari, hutumbukizwa katika kikopo. Rangi nayo hupimwa madini ya risasi.

Kwa hiyo, onyo kwamba kitu hakifai kwa mtoto wa chini ya miezi 36 halihusu akili yake. Wazazi wengi hulisoma hivyo, wakajisifia mtoto mwerevu kuliko umri wake. Linahusu koo.

Betri bapa za mviringo, mfano wa zile za saa, ni hatari zaidi. Ikikwama kooni, huweza kuunguza vibaya ndani ya saa 2. Usinunue kitu ambacho mfuniko wa betri yake hufunguka kwa ukucha. Tafuta uliofungwa kwa skrubu. Ukishuku mtoto amemeza betri, mpeleke hospitali papo hapo, hata kama anacheza kama kawaida.