Usimnyime mwanao cherehani

Wazazi wengi huona cherehani ni kimbilio la mtoto aliyefeli. Alama zikiwa mbaya, anapelekwa kwa fundi. Zikiwa nzuri, anaambiwa aache kuwashonea wanasesere nguo, asome sayansi.

Stephanie Kwolek alipenda vyote viwili. Alizaliwa mwaka 1923 katika mji wa New Kensington, Marekani. Baba yake alimtembeza porini wakikusanya majani na maua ya kubandika kwenye madaftari. Kwa mama yake alijifunza kupenda vitambaa na ushonaji. Baba alifariki Stephanie akiwa na miaka 10, ikambidi mama atafute kazi ili alee watoto.

Mwaka 1946 alihitimu shahada ya kemia. Ndoto yake ilikuwa udaktari, lakini ada hakuwa nayo. Akaingia kampuni ya DuPont akidhani angefanya kazi kwa muda mfupi tu, apate akiba ya kurudi shule. Alikaa miaka 40. Huko alikuta kazi inayounganisha kemia na nguo: kutengeneza nyuzi mpya.

Mwaka 1965 kampuni ilikuwa ikitafuta uzi mwepesi na imara wa kutia kwenye matairi, ili magari yatumie mafuta kidogo. Siku moja mchanganyiko wake ulitoka vibaya. Kwa kawaida huwa mzito na unaoonyesha. Huu ulikuwa mwepesi kama maji, wenye ukungu. Wengi wangeumwaga. Fundi wa mashine ya nyuzi alikataa kuupitisha, akihofia utaziba vitundu. Stephanie alimsihi hadi akakubali.

Uzi uliotoka ulikuwa mgumu kukatika. Aliurudisha kwenye vipimo mara kadhaa kabla ya kuwaambia wenzake, akiogopa amekosea. Hakukosea. Ndio uliozaa Kevlar, yenye nguvu mara tano ya chuma cha uzito uleule. Leo imo kwenye fulana za kuzuia risasi na glavu za wafanyakazi wa viwandani.

Kazi yake haikuishia kiwandani. Mwaka 1959, yeye na mwenzake Paul Morgan waliandika jaribio la kuvuta uzi wa nailoni kutoka kwenye glasi, na walimu wa kemia wanalitumia hadi leo.

Njia hiyo ipo hata huku kwetu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, hufundisha uhandisi wa nguo. Na fani inakua: sasa kuna nyuzi zinazopitisha umeme, ambazo zikifumwa kwenye fulana huweza kupima mapigo ya moyo ya aliyeivaa.

Kwa hiyo mzazi, mwanao akiomba vipande vya kitambaa, mpe. Kisha muulize kwa nini pamba inanyonya jasho na nailoni hainyonyi vizuri. Kama hajui, tafuteni jibu pamoja. Hapo kemia imeshaanza.