Kompyuta Ilisema Hayumo

Leo naanza kwa kukiri kosa. Mimi ni katibu wa chama cha kuzikana cha mtaa wetu. Si kazi ya mshahara. Ni moja ya zile kazi ambazo mtu hupewa kwa sababu siku ya mkutano alichelewa kufika, akakuta wenzake wamekwisha kumchagua.

Miezi michache iliyopita alinijia mama mmoja mjane. Mumewe alikuwa amezikwa siku tatu kabla, tena kwa fedha za kukopa, kwa kuwa msiba ulitokea safarini na chama hakikupata habari mapema. Alikuja kudai kile ambacho kila mwanachama hutarajia kuwaachia watu wake.

"Mwanangu katibu," akasema, "mume wangu kachangia chama hiki tangu kinaanza. Risiti zimeliwa na mchwa, lakini jina lake limo."

Nikawasha kompyuta. Hapa marehemu nitamwita Mohamed Ramadhani, ambalo silo jina lake, bali ni jina ambalo hakuna mtaa wa pwani unaolikosa. Nikaandika Mohamed Ramadhani, nikabonyeza. Kompyuta haikutoa kitu. Nikaandika Mohammed. Nikaandika Muhammad. Nikaondoa ile "i" ya mwisho ya Ramadhani. Wapi! Nikamgeukia yule mama, nikamwambia kwa sauti ya mtu mwenye hakika: "Mama, hayumo."

Akasema, "Haya, baba," akaondoka. Laiti angegombana nami, nadhani ningelala.

Sasa nieleze kompyuta ile ni ya namna gani, maana kisa chote kimo humo. Ni mashine ya zamani. Mfumo wake wa awali ulikuwa umeilemea, hata ukiiwasha unaweza kwenda kununua maandazi ukarudi ukaikuta bado inajikongoja. Mpwa wangu, ambaye ndiye fundi wa mambo haya, aliufuta akaweka Linux, ambayo hailipiwi. Akanifundisha kutumia lile dirisha jeusi ambamo huna picha za kubonyeza. Unaandika amri kwa maneno, nayo mashine inatii. Kwa kutafuta alinipa programu iitwayo grep, iliyotungwa na Mmarekani Ken Thompson katika maabara za Bell mwanzoni mwa miaka ya 1970, na hadi leo inafanya kazi duniani kote.

Grep ni mtumishi mwaminifu kupita kiasi. Ukimwambia amtafute Mohamed, atamtafuta Mohamed. Akikutana na Muhamedi mlangoni atampita bila salamu. Usipomwambia vingine, hata herufi kubwa na ndogo kwake ni watu wawili tofauti. Na orodha ya chama chetu iliandikwa na makatibu wanne kabla yangu, kila mmoja akiandika kadiri sikio lake lilivyomtuma. Mwingine alisoma madrasa, mwingine alisoma misheni, mwingine alipenda kuyapa majina sura ya Kiingereza. Je, mjane alipaswa kujua mumewe aliandikwa na nani?

Usidhani shida hii ni yetu peke yetu. Marekani ilijaa wahamiaji ambao makarani hawakujua kuandika majina yao, na mwaka 1918 mtu mmoja wa Pittsburgh, Robert C. Russell, akapewa hataza ya njia ya kupanga majina kwa mlio badala ya tahajia. Njia hiyo iliyokuja kujulikana kama Soundex hubakiza herufi ya kwanza, hutupa irabu, na konsonanti zinazofuata hupewa tarakimu. Katika miaka ya 1930, ilipotungwa sheria ya malipo ya uzeeni na wazee wengi wakawa hawana cheti cha kuzaliwa, vitabu vya sensa ya mwaka 1880 viliandaliwa faharasa kwa njia hiyo, kwa kaya zilizokuwa na watoto wa miaka kumi au pungufu. Watoto wale ndio waliokuwa wakiukaribia uzee, na karani alitakiwa awaone hata kama jina liliboronga. Nimejaribu hesabu hiyo kwa majina yetu. Mohamed, Muhammad na Mhamadi yote yanaangukia alama moja, M530. Mahmudu naye yumo humo humo, na huyo nitamrudia.

Basi jioni ile nikampigia simu mpwa wangu. Akanisikiliza, kisha akasema, "Mjomba, wewe unaiandikia mashine unachokijua na usichokijua. Iandikie unachokijua tu." Akanielekeza kuweka programu nyingine, jina lake fzf. Ilitungwa mwaka 2013 na mtaalamu wa Korea Kusini, Junegunn Choi, naye anaitoa bure pamoja na maandishi yake yote ya ndani, anayetaka kuyakagua ayakague.

Kuiweka si kazi ya siku nzima. Kwenye Linux za jamaa ya Debian na Ubuntu unaandika amri hii:

sudo apt install fzf

Mashine itakuuliza neno la siri. Mara nyingi ukiliandika hutaona kitu kikitokea kwenye kioo, hata nyota. Usishtuke, wala usigonge kibodi kama mimi. Inaandika, ila haionyeshi. Wenye mashine za Mac ambao tayari wana Homebrew wataandika brew install fzf, na wa Windows mpya wataandika winget install fzf. Intaneti inahitajika mara hiyo moja tu ya kuipakua. Baada ya hapo unaweza kung'oa waya ukaendelea na kazi, na hakuna jina la mwanachama wako linalosafiri kwenda kwa mtu yeyote. Kwa mtunza orodha za watu, jambo hilo peke yake lingetosha kunishawishi.

Halafu nikaandika:

fzf < wanachama.txt

Faili hilo ndilo orodha yetu, kila mwanachama mstari wake. Orodha yote ikajitokeza kwenye kioo, na chini yake mahali pa kuandika. Unapoandika herufi moja, mistari isiyo nayo inatoweka papo hapo. Unaongeza ya pili, inapungua tena. Huna haja ya kubonyeza Enter ndipo ujue kama upo njiani au umepotea, maana orodha inasinyaa mbele ya macho yako.

Kanuni yake ni hii. Herufi ulizoandika lazima ziwemo katika mstari, kwa mfuatano ule ule, lakini si lazima zishikane. Kati ya herufi na herufi panaweza kuwa na chochote. Kwa hiyo ukiandika mhmd, programu itakuletea Mohamed, Muhammad, Mohammedi, Muhamedi na ndugu zao wote, kwa sababu kila mmoja ana m, kisha h, kisha m, kisha d. Irabu ndizo makatibu walizogombania. Konsonanti hazikuwa na ugomvi.

Nilipoliona jambo hilo nilicheka peke yangu. Babu zetu wa pwani waliokuwa wakiandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu wasingepata taabu hii. Jina la Mtume kwao lina herufi nne, mim, ha, mim, dal, na irabu ni alama tu za juu na chini. Kumbe programu ya Mkorea ilikuwa inanirudisha kwenye ubao wa chuoni.

Ukiacha nafasi kisha ukaandika kundi jingine la herufi, unaiambia itafute mistari yenye makundi yote mawili, na haijali lipi limetangulia. Nikaandika:

mhmd rmn

Katika Ramadhani nimeiruka ile dh kwa makusudi, kwa kuwa wako wanaoandika Ramazani. Hiyo ndiyo siri ya kuitumia vizuri: herufi unayoitilia shaka iache. Wageni wa programu hii hufanya kinyume chake, wanaandika zaidi wakidhani wanaisaidia. Kwa wale ambao r na l kwao ni pacha, ipo njia ya kusema hiki au kile, kwa kuweka kistari cha wima katikati, hivi: rmn | lmn.

Ikabaki mistari mitatu.

Wa kwanza alikuwa Mohammed Rahman, kijana ambaye namfahamu, yu hai na anadaiwa michango. Wa pili Mahmudu Ramadhani. Wa tatu Mhamadi Ramazani, nyumba na tarehe ya kujiunga zikilingana na maneno ya yule mama. Tarehe yenyewe ilikuwa ya mkutano wa kwanza wa chama.

Hapo ndipo nataka tusimame kidogo. Mahmudu si Mohamed. Ni jina jingine, na katika orodha yetu ni mtu mwingine mwenye mke na watoto wake. Kama programu ingejichagulia yenyewe, ningeweza kumlipa mtu fedha za mtu, au kumwandika aliye hai kuwa amefariki, na kumfufua mtu kwenye karatasi ni kazi kubwa kuliko kumwua. Fzf haiamui. Inapanga inayodhani ni karibu zaidi, kisha inakungoja uteremke kwa mishale na kubonyeza Enter. Mtu mvivu atabonyeza tu kile kilichotangulia. Kwa sababu hiyo nimekataa katakata kuiunganisha na amri ya kufuta mafaili, ingawa mpwa wangu anasema inawezekana. Ukitaka kuona kilichomo ndani ya faili kabla ya kulichagua, andika fzf --preview 'cat {}' nawe utaonyeshwa pembeni.

Wala isidhaniwe kuwa inasamehe kila kosa. Ukikosea mpangilio ukaandika mhdm, mstari wenye Mohamed peke yake hautatokea ng'o. Ukiingiza herufi isiyomo, vivyo hivyo. Inasamehe ulichoruka, haisamehi ulichozusha. Na pale ambapo una hakika ya neno zima, anza na alama ya mkato wa juu, kwa mfano 'Ilala, itafute neno lile lile bila kubahatisha. Alama ya mshangao mbele ya neno huondoa mistari yenye neno hilo.

Kwa wanaoshinda kwenye dirisha jeusi kazini, faida kubwa iko kwingine. Ukiandika eval "$(fzf --bash)" katika faili la .bashrc, basi Ctrl pamoja na R itakufungulia amri zako zote za zamani uzitafute kwa herufi chache, Ctrl na T itakutafutia faili, na Alt na C itakuhamisha folda. Hiyo ni kwa toleo la 0.48 la mwaka 2024 na yaliyofuata. Amri fzf --version itakuambia unalo lipi. Mimi Ctrl na R naitumia kila siku, maana amri ndefu nilizofundishwa sizikumbuki, nakumbuka tu kwamba mahali fulani zilikuwa na neno "tar".

Jioni ile ile nilikwenda kwa yule mama. Nilimkuta anachambua mchele barazani. Nikamwomba radhi mbele ya wanawe, kisha nikamsomea mstari wote kama ulivyo, Mhamadi Ramazani, na tarehe yake.

"Ndivyo mama yake alivyokuwa akimwita," akasema. "Wewe ulimtafuta kwa jina gani?"

Nikamwambia. Akaniambia hilo ni la kwenye kitambulisho.

Kamati ilikutana Jumapili na fedha zikatoka, ikiwa ni pamoja na deni la mazishi. Katika kikao hicho mjumbe mmoja alipendekeza majina yote yasahihishwe yawe na tahajia moja. Nilipinga, na bado tunabishana. Nimeomba tuongeze safu ya pili yenye jina la kitambulisho, na lile la kwanza tuliache lilivyoandikwa siku mtu alipojiunga. Wakati tukingojea uamuzi, nimeanza kuipitia orodha upya pamoja na daftari la wageni waliokuja kuuliza katika miaka yangu miwili ya ukatibu wakaambiwa hawamo. Hadi jana usiku nilikuwa nimefika herufi ya K, na wawili nimekwisha kuwaona. Mmoja anaitwa Halfani, nasi tulimtafuta kwa Kh. Kesho asubuhi nitakwenda kumgongea mlango.