Mke wa Mfungwa na Mlango wa Kadhi

Miongoni mwa maswali ambayo akina mama huyauliza kwa sauti ya chini, darasa likisha na watu wakianza kuvaa viatu, ni hili: mume akifungwa miaka mingi, mkewe anabaki na hukumu gani? Tumeona leo tulizungumze waziwazi, na tumeipeleka fikira yetu mbali na pwani, hadi Turkana. Huko jambo hili lina uzito wa pekee, na huko pia tunao ndugu katika imani.

Kakuma na Lodwar zimetengana kwa kiasi cha kilomita 120 za nchi kavu. Kambi ya wakimbizi ya Kakuma ilianzishwa mwaka 1992, na ndani yake wanaishi Waislamu wengi kutoka Somalia, Sudan na Ethiopia. Lodwar ndiyo makao makuu ya kaunti, penye mahakama na gereza. Kifungo si neno geni katika ardhi hiyo. Mzee Jomo Kenyatta alihukumiwa miaka 7 mwaka 1953, akafungwa Lokitaung, na tangu 1959 akazuiliwa Lodwar hadi 1961. Serikali ya kikoloni iliichagua Turkana kwa sababu ya umbali wake. Umbali huo huo ndio unaomlemea leo mwanamke anayetafuta haki yake.

Tumchukue mama mmoja wa mfano, mkaazi wa Kakuma, mwenye watoto watatu. Mumewe amehukumiwa miaka 10. Kwa kuwa kifungo ni kirefu, huenda akahamishiwa gereza la mbali zaidi, Kitale au Naivasha. Mama huyu hana masurufu, hana wa kushauriana naye usiku mtoto anapougua, na kila akitoka nje macho ya watu yanamfuata. Jirani mmoja anamwambia, "Subiri, subira ni ibada." Mwingine anamwambia, "Ndoa yako imekwisha siku ile hukumu iliposomwa."

Wa pili amekosea, na kosa lake ni la hatari. Kifungo, hata kiwe cha maisha, hakivunji ndoa. Wala miaka ya kutoonana haiivunji yenyewe. Mwanamke akiolewa na mtu mwingine kabla ya talaka au hukumu ya kadhi, nikaha hiyo ya pili ni batili, na fedheha yake itawafikia hata watoto. Wa kwanza naye amesema nusu ya haki. Subira ina thawabu kubwa, lakini sheria haikumlazimisha mwanamke kudhurika. Katika Suratul Baqara, aya ya 231, waume wamekatazwa kuwazuia wake kwa nia ya kuwadhuru.

Milango mitatu

Wa kwanza ni talaka ya mume mwenyewe. Mfungwa hakuondolewa haki ya kutoa talaka kwa sababu yuko nyuma ya kuta. Anaweza kuitamka au kuiandika kwa hiari yake, na ni bora iwe mbele ya mashahidi kisha isajiliwe. Wako wanaume waungwana ambao, wakiona kifungo ni kirefu, humwachia mke njia kwa wema. Kwa hiyo kabla ya mashtaka, mke au walii wake na ajaribu kuzungumza naye.

Wa pili ni khului: mke kujivua katika ndoa kwa kurudisha mahari au kitu watakachokubaliana, kama alivyofanya mke wa Thabit bin Qays aliyerudisha bustani yake zama za Mtume (s.a.w.).

Wa tatu ni faskhi, yaani kadhi kuivunja ndoa kwa sababu ya kisheria. Hapa tunawaomba akina mama wasikilize vyema, maana ndipo wengi wanapodhulumiwa pasi na kujua. Mara nyingi wazee humwambia mke wa mfungwa, "Ukitaka kutoka, rudisha mahari." Hiyo ni khului. Ikiwa kosa liko upande wa mume, naye ameshindwa kumtunza, mke aliyekwisha kuingiliwa anaweza kudai faskhi na mahari yake yakabaki yake. Asiharakishe kununua kitu ambacho huenda sheria ingempa bure.

Kadhi ataangalia nini?

Katika madhehebu ya Imamu Shafi, yanayofuatwa na wengi wetu pwani na Wasomali walio wengi, sababu iliyo mashuhuri ni mume kushindwa kutoa masurufu. Ikithibiti kwamba hana kitu, hupewa muhula mfupi, kisha kadhi huweza kuvunja ndoa. Lakini je, mfungwa akiwa na duka, au shamba linaloleta kodi? Hapo hoja ya masurufu hudhoofika. Wanazuoni wa Kimaliki, ambao Wasudani wengi huwafuata, wametazama pia madhara ya kutengana kwenyewe, hasa kukipita mwaka. Misri ilifuata mwelekeo huo katika sheria yake ya mwaka 1929: mke wa aliyefungwa miaka 3 au zaidi aweza kuomba talaka baada ya mwaka mmoja wa kifungo, hata kama mume ana mali. India, katika sheria yake ya mwaka 1939 kuhusu ndoa za Waislamu, iliweka kifungo cha miaka 7.

Hapa Kenya, Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inataja kifungo cha maisha au cha miaka 7 na zaidi kuwa dalili ya ndoa ya kiserikali kuvunjika. Ndoa ya Kiislamu, hata hivyo, sheria hiyo imeiacha ivunjwe kwa sharia ya Kiislamu. Mahakama ya Kadhi ina mamlaka juu yake kwa mujibu wa kifungu cha 170 cha Katiba, pale wote wawili ni Waislamu na wameridhia kuhukumiwa huko.

Namna ya kuanza

Mama wetu wa mfano akusanye hati ya ndoa, au mashahidi wa nikaha ikiwa hati ilipotea katika kukimbia vita. Jina la gereza. Na habari za hukumu na urefu wa kifungo. Mume lazima aarifiwe, na karatasi za mahakama humfikia kupitia mkuu wa gereza. Mahakama yaweza kuamuru aletwe, na tangu mwaka 2020 kesi nyingi nchini zimesikizwa pia kwa njia ya video. Hilo ni faraja pale mke yuko Kakuma na mume yuko Naivasha. Mkimbizi asisahau kuomba kibali cha kutoka kambini kabla ya safari, wala asione haya kuwaendea wanaotoa msaada wa kisheria bila malipo.

Baada ya hukumu kuna eda: tahara tatu, au miezi mitatu kwa asiyepata hedhi, au hadi kujifungua kwa mjamzito. Watoto hubaki wa baba yao kwa nasaba na urithi. Talaka ya mama si ruhusa ya kuwakataza kumwona baba, wala ya kumtukana mbele yao.

Yuko pia mke atakayechagua kungoja miaka yote 10. Huyo tumheshimu, na tumsaidie kwa sadaka na zaka ikiwa anastahiki, wala tusimwite mjinga. Na yule aliyechagua kutoka kwa njia ya sheria tusimwite msaliti. Wote wawili wamebaki ndani ya mipaka ya Mola wao. Aliye nje ya mipaka ni yule anayemfungia mwanamke mlango wa kadhi, kisha akamlaumu atakapopita dirishani.

Mwenyezi Mungu awafariji walio nyuma ya kuta na walio nje wakiwangoja. Wallahu aalam.