Kifafa (3): Usingizi nao ni tiba

Juma lililopita tuliishia kwenye dawa na hatari ya kuziacha kiholela. Lipo jingine ambalo mgonjwa huambiwa akiwa keshashika kitasa cha mlango: lala vya kutosha.

Seli za ubongo huwasiliana kwa umeme mdogo sana. Kifafa huja pale kundi kubwa la seli hizo linapofyatuka kwa pamoja, na ubongo uliokosa usingizi hufyatuka upesi zaidi. Ndiyo maana baadhi ya hospitali humtaka mgonjwa akeshe kabla ya kupimwa umeme wa ubongo, kipimo alichokitangaza Hans Berger wa Ujerumani mwaka 1929: hitilafu ijitokeze mbele ya mtaalamu. Anayekesha nyumbani hana mtaalamu pembeni.

Ipo aina ya kifafa inayowaanza vijana wa umri wa sekondari. Asubuhi, muda mfupi baada ya kuamka, mikono hushtuka ghafla. Kikombe cha chai kinamponyoka, mswaki unaruka. Nyumbani anaitwa mzembe. Hakuna anayetaja kifafa mpaka siku moja, baada ya kukesha na vitabu au harusini, anaanguka na kupoteza fahamu. Sasa mpeleke bweni: prepo hadi saa 4 usiku, kengele saa 10 alfajiri. Umri wake unahitaji saa 8 hadi 10 za usingizi. Hapo kapata 6, tena kama hakupiga soga. Kwangu mimi ratiba hiyo ni kichocheo cha ugonjwa, na mzazi ana haki ya kumwendea mwalimu mkuu na barua ya daktari mkononi.

Matanga, mkesha wa maombi, lindo la usiku, mirungi: yote hula usingizi uleule. Hatumkatazi mtu kumzika ndugu yake. Ashinde msibani mchana, usiku akalale. Anayekusudia kufunga Ramadhani amwone daktari kabla mwezi haujaandama, kwani daku hukata usingizi na saa za dawa hubadilika.

Kuna wanaolala mapema na bado wanaamka hoi, ulimi umeng'atwa, shuka limelowa. Hao huenda walianguka kifafa usingizini bila kujua, na lawama ikaishia kwenye dawa. Anayelala nao chumba kimoja aulizwe, na alichokiona kifikishwe kliniki.

Juma lijalo: kifafa na ujauzito.