Je, Wajua? Laini za Ofisi Milimani Gusii

Je, wajua kuwa anga ya Gusii ni kati ya zenye radi nyingi duniani? Unyevu wa Ziwa Victoria hupanda milima, na alasiri ngurumo zinaanza. Kwa hivyo mwenye ofisi Kisii mjini, Keroka na Nyamira aulize kuhusu radi kabla ya kuuliza kasi ya intaneti. Waya wa shaba huleta nguvu ya radi hadi kwenye rauta. Faiba ni uzi wa kioo, na kioo hakipitishi umeme. (Rauta yenyewe bado inakula stima, basi soketi nayo iwekewe kinga.)

Je, wajua kuwa antena za mawimbi lazima zionane? Mwinuko wa Manga ukisimama katikati, hauhami. Na mawimbi ya zaidi ya gigahetzi 10 hufifia mvua kubwa ikinyesha.

Je, wajua kuwa setilaiti za intaneti za zamani zinakaa kilomita 35,786 juu? Swali na jibu huchukua karibu nusu sekunde. Setilaiti za Starlink, huduma iliyoingia Kenya Julai 2023, huruka kilomita 550 hivi, kwa hivyo jibu hurudi upesi zaidi. Ni akiba nzuri pale faiba haijafika.

Je, wajua kuwa laini mbili zinaweza kuwa moja? Unalipa kampuni mbili, ukidhani umejikinga. Kumbe faiba zote mbili zimening'inia kwenye nguzo zilezile. Lori likigonga nguzo moja, zote zinakatika pamoja. Hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu mteja huligundua siku ya ajali. Tembea na fundi, fuata waya kwa macho hadi barabarani. Laini ya pili ipite njia nyingine kabisa, au iwe ya mnara wa simu.

Je, wajua kuwa tawi la Kisii likiwa na kampuni moja na la Nyamira nyingine, data inaweza kwenda mpaka Nairobi ndipo irudi kwa jirani? Trekta likichimba barabara mbali huko, nyinyi wa hapa mnapotezana. VPN huficha siri zenu njiani, haifupishi njia.

Je, wajua kuwa mkataba wa "asilimia 99.5" unaruhusu karibu saa 44 za kukatika kwa mwaka? Zote zinaweza kuangukia wiki ya bonasi ya majani chai, foleni ya wakulima ikiwa imefika nje ya mlango wa sacco.