Kurekebisha Meno Bandia Yaliyopandikizwa Bila Mpango

Mwaka 1965 Profesa Per-Ingvar Brånemark wa Uswidi alimpandikizia mgonjwa wa kwanza meno bandia yaliyofungwa kwenye skrubu za titani zilizoshikamana na mfupa wa taya. Tangu hapo, wengi waliopoteza meno yote wanatafuna tena. Lakini skrubu zikitangulia kupandwa kabla ya kuamua meno yatakaa wapi, mzigo huelemea upande mmoja, mabaki ya chakula hukwama, fizi huvimba na mfupa hulika. Kubadili meno peke yake hakuponyi. Daktari huyafungua yote, hupiga eksirei, hubakiza skrubu zilizo imara, huondoa zilizolegea, kisha husubiri mfupa upone. Basi, kabla ya kulipa, tuulize: meno yatakaa wapi, na tutayasafishaje?