Jioni Moja na Farasi Mpole wa Munyonyo

Wako wakazi wengi wa Kampala waliozaliwa na kukua mjini humo bila kumgusa farasi hata siku moja. Ng'ombe wanamjua, mbuzi wamemchunga, na punda wamemwona akibeba mizigo huko Karamoja na Sebei. Lakini farasi kwao ni mnyama wa picha na sinema. Hata jina lake katika Kiganda, embalaasi, lasikika wazi kuwa ni ndugu wa neno la Kiswahili, farasi, ambalo nalo lilitoka kwa Waarabu. Mnyama alikuja kama mgeni, na jina lake likaja naye.

Hata hivyo, mgeni huyu hayuko mbali. Huko Munyonyo, kando ya Ziwa Viktoria, yapata kilomita 12 kusini ya katikati ya mji, katika eneo la hoteli ya Speke Resort, yako mabanda ya farasi ambako watu hufundishwa kuwapanda. Familia yenye nafasi ya saa mbili tu yaweza kupata huko burudani isiyohitaji matayarisho makubwa, pamoja na somo ambalo huenda haikulitazamia.

SAFARI ISIYOPANGWA

Msomaji na amfikirie sajini mmoja wa jeshi anayekaa Makindye pamoja na mkewe na watoto wawili, msichana wa miaka 12 na mvulana wa miaka 6. Sajini amerejea majuma mawili yaliyopita kutoka Somalia, ambako majeshi ya Uganda yalianza kwenda kulinda amani mwezi wa Machi 2007, na ambako yeye amekaa mwaka mzima. Msichana amempokea baba yake kwa furaha. Mvulana humwamkia kwa adabu, kisha hukimbilia nyuma ya mama yake. Baba akimwita, huja, lakini husimama mbali kidogo kama kuruta mbele ya mkuu wake.

Jumamosi mchana mvua inakatika. Mama anautazama ua uliojaa maji, anazitazama nguo alizoloweka, na ghafla anasema, "Baba watoto, nguo hizi hazitakauka leo. Hebu tuwatoe watoto hawa." Hawana mpango wowote. Wanapanda takisi katika barabara ya Salaama, na kabla ya saa kumi na moja jioni wamekwisha kusimama mbele ya mabanda, wakinusa majani makavu na ngozi za matandiko.

"Karibu, afande," anasema mzee mtunza farasi, ambaye amemtambua askari kwa mwendo wake tu.

Farasi wanayeonyeshwa ni mwekundu, mwenye umri wa miaka 18. Ameinamisha shingo, mdomo wa chini umening'inia, na mguu mmoja wa nyuma ameupumzisha juu ya ncha ya kwato. Msichana anacheka: "Baba, huyu anasinzia kazini!" Kweli anasinzia, kwani farasi aweza kusinzia akiwa amesimama, na mnyama anayesimama hivyo mbele ya wageni ni mnyama asiye na wasiwasi.

Sajini anamwendea moja kwa moja, kwa hatua za gwaride, akinyosha mkono kumshika paji la uso. Mara farasi anainua kichwa na kurudi nyuma hatua mbili.

"Polepole, afande," anasema mzee. "Huyu hajui cheo cha mtu. Anajua mwendo wake tu."

Kisha anaeleza. Macho ya farasi yako pande mbili za kichwa, kwa hiyo huona karibu pande zote kwa wakati mmoja. Lakini ziko sehemu mbili asizoziona: mbele kabisa ya paji lake, na nyuma kabisa ya mkia wake. Anayekuja kwa sehemu hizo humtokea kama adui. Njia njema ni kumwendea kwa upande, kuelekea bega, huku ukisema naye kwa sauti ya chini. Ukifika, simama. Mpe nyuma ya mkono wako anuse. Usimtumbulie macho. Mwache yeye amalize hatua ya mwisho.

Sajini anafanya hivyo. Anasimama kando ya bega, anangoja. Baada ya kitambo farasi anageuza shingo, ananusa mkono, anashusha pumzi ndefu, na mdomo wake unaning'inia tena. Mvulana, akiwa nyuma ya mama yake, ameyaona yote.

UPOLE HUJENGWA

Watu hudhani kwamba farasi mpole amezaliwa hivyo. Ni kweli kwamba tabia hutofautiana, lakini sehemu kubwa ya upole ni kazi ya mikono ya watu. Farasi kwa asili ni mnyama wa kuwindwa, na silaha yake ya kwanza ni mbio. Ili atulie kati ya watu, ni lazima siku zake zifanane: alishwe kwa saa zile zile, ashikwe kwa mikono isiyo na hasira, asafishwe kwato kila siku, na asiadhibiwe kwa kosa asilolielewa.

Lishe yake nayo yataka nidhamu. Tumbo lake ni dogo kwa kulinganisha na mwili, kwa hiyo apaswa kula majani kidogo kidogo kwa saa nyingi. Tena farasi hawezi kutapika. Akijazwa nafaka nyingi kwa mara moja, aweza kupatwa na msokoto wa tumbo na kufa. Kwa siku hunywa maji yapata lita 25 hadi 50, na zaidi kukiwa na joto au kazi nzito. Kwato zake hukua kama kucha za binadamu, na hukatwa kila baada ya majuma sita hadi manane.

Wenye kazi ya ulinzi watalielewa jambo hili. Jeshi la Polisi la Tanzania lina Kikosi cha Farasi na Mbwa, na farasi wa namna hiyo hutakiwa kutulia katikati ya kelele na umati wa watu. Utulivu huo haupatikani kwa amri ya siku moja.

KWA NINI NI MGENI

Kama farasi ni mnyama mwema hivi, mbona hakuenea katika nchi hizi? Jibu ni wadudu. Mbung'o hueneza nagana, maradhi yanayodhoofisha na kuua mifugo. Mwambao wa ziwa hili unawajua mbung'o vizuri. Kati ya mwaka 1900 na 1920, maradhi ya malale waliyoyaleta yaliua watu wanaokadiriwa kuwa zaidi ya 200,000 katika Uganda.

Yako pia maradhi ya farasi ya Kiafrika, yanayoenezwa na visubi, wadudu warukao walio wadogo kuliko mbu. Pundamilia huyavumilia, lakini farasi hufa kwa wingi. Wanajeshi waliyaona hayo katika Vita Kuu ya Kwanza. Mwezi wa Aprili 1916, wapanda farasi wa Afrika Kusini chini ya Jenerali Van Deventer walitoka Arusha kwenda kuiteka Kondoa Irangi. Mji waliupata, lakini farasi wao walikufa kwa mamia kwa maradhi na uchovu, na askari wengi waliotoka juu ya matandiko wakaendelea na vita kwa miguu.

Siku hizi iko chanjo, lakini tiba ya maradhi hayo haiko. Kwa kuwa visubi huuma zaidi tangu jua linapozama hadi alfajiri, kinga mojawapo ni kuwaingiza farasi bandani kabla ya giza. Ndiyo maana jioni ya furaha kwenye mabanda ina mwisho wake, nao hausogezwi.

ZAMU YA KILA MMOJA

Anayekwenda na watoto na ayakumbuke machache. Wavae suruali ndefu na viatu vilivyofunika vidole. Asipande mtu bila kofia ngumu. Asipite mtu nyuma ya farasi, wala asikimbie karibu naye. Chakula asipewe bila ruhusa ya mtunzaji, na akipewa, kiwekwe juu ya kiganja kilichonyoshwa, vidole vikiwa pamoja. Baada ya hapo mikono ioshwe kwa sabuni.

Siku ile, wa kwanza kuvaa kofia ni mama, ambaye alikuja kama mtazamaji. Anazungushwa uwanjani huku mzee ameshika hatamu, naye anacheka mpaka machozi yanamtoka. "Niacheni huku huku juu," anasema, "nguo mtafua nyinyi!" Msichana anafuata, mgongo wima, kama mtu aliyezaliwa juu ya tandiko.

Zamu ya mvulana inafika. Anatikisa kichwa. Sajini anafungua kinywa, kisha anakifunga bila kutoa amri. Anaomba kipande cha karoti, anachuchumaa kando ya bega la farasi, ubavu wake ukielekea kwa mwanawe, anakunjua kiganja na kungoja. Hasemi neno. Dakika zinapita. Hatimaye nyayo ndogo zinasikika juu ya majani makavu, na mkono mdogo unawekwa juu ya ule mkubwa. Farasi anateremsha kichwa na kuichukua karoti kwa midomo, laini kama kitambaa.

"Amenipumulia, baba," mvulana anasema kwa sauti ya chini.

"Nimemsikia," anajibu baba yake.

Mzee anatazama jua lililokaribia kuzama. "Sasa basi, afande. Visubi wanaamka." Hakuna anayebishana naye. Wote wanne wanamsindikiza farasi hadi bandani, na mlango unafungwa.

Katika takisi ya kurudi Makindye, mama anakumbuka nguo zake zilizolowekwa. Msichana anauliza kama Jumamosi ijayo itanyesha tena. Mvulana hasemi kitu, kwa kuwa amekwisha lala, na kichwa chake kiko juu ya mapaja ya baba yake. Sajini amekaa bila kujitikisa, asije akamwamsha.